Sura ya Nne: Dole la Marehemu

Marehemu Deogratias alizikwa mwezi wa Mei. Novemba ya mwaka uliofuata akaweka dole gumba kwenye karatasi ya mkopo wa boti. Kwa mtu aliyekaa chini ya udongo mwaka na nusu, wino ulikuwa umekolea vizuri sana.

Koplo Furaha aliigeuza karatasi hiyo mezani kwa mara ya tano. Ofisi yao ya upelelezi ilikuwa na feni mbili. Moja haikuzunguka kabisa, na ya pili ilizunguka kwa kelele kama mtu anayedai posho yake. Nje, mawingu yalikuwa yameukalia mlima, na Morogoro Mjini yote ilisubiri mvua ambayo ilikuwa bado haijaamua.

Jalada lilikuwa jembamba. Mzee Bartholomeo, fundi reli mstaafu wa miaka sitini na minane, alinunua boti. Hakuitaka ya kuvulia wala ya kupakia watalii. Aliitaka ya kuishi: chumba, jiko, kitanda na bati juu, imefungwa kwenye bwawa kubwa kusini mwa Kisaki. Nusu ya bei aliitoa kwenye kiinua mgongo chake. Nusu nyingine alikopa kwa kampuni ya mikopo hapo mjini, na dhamana ikawa shamba la kijiji cha Mlundi, huko juu Uluguruni. Shamba lilikuwa la ukoo wa Catherine, mke wake, ambaye naye alikuwa marehemu.

Juzi Jumanne shemeji yake akaja polisi. Huyo ni Mzee Paulo, kaka wa Catherine, katekista, mkuu wa ukoo. Alisema ukoo haukuridhia chochote, karatasi ya ridhaa, ile yenye dole la Deogratias, ni ya kughushi. Jana Bartholomeo akakamatwa botini. Jumatatu alitakiwa mahakamani, na Jumatatu hiyohiyo kampuni ilitaka kuipiga boti mnada.

"Hiyo kesi ni ya kumsukuma mlevi, Koplo," mkuu wake alikuwa amemwambia. "Karatasi ni feki, mzee ndiye aliyepata boti. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta dole, afande."

"Lipo hapo kwenye karatasi."

"La kwake si hili."

Na kweli halikuwa lake. Alama za vidole za Bartholomeo zilichukuliwa alipoingizwa mahabusu, na dole gumba lake lilikuwa zima, duara ndani ya duara. Dole la kwenye karatasi lilikuwa limekatwa katikati na mstari mweupe, kama mtu amelipitishia wembe.

Furaha alisoma tena maelezo ya Paulo. *Kwetu ardhi inafuata mama. Mwenye kauli ni mjomba, ambaye ni mimi. Deogratias alikuwa baba yetu mdogo, mtu wa ukoo mwingine kabisa. Hata kung'oa muhogo kwenye shamba letu angeomba kwanza. Karatasi hiyo sijawahi kuiona kwa macho yangu, nimesikia habari zake tu.*

Furaha ni mzaliwa wa Tukuyu. Kwao baba mdogo akisema jambo la ardhi, watu wanavua kofia. Alichukua kalamu akaandika pembeni ya ukurasa: *Aliyeandika "baba mdogo" kwenye karatasi ya ridhaa si Mluguru. Nani si Mluguru kwenye kesi hii?*

Jibu lilikuwa moja, na lilikuwa na ofisi juu ya duka la vitenge.

*

"Karibu, afande. Kiti hicho usikikalie, mguu mmoja umekopwa," alisema Qasim, ofisa mikopo, kijana wa familia ya wenye maduka ambaye alikataa kuuza kwenye duka la baba yake akaona heri auze madeni.

Furaha alibaki amesimama. "Qasim, kwenu baba mdogo ana nguvu gani?"

"Baba mdogo? Akikohoa tu sisi tunahama nyumba."

"Ndivyo nilivyofikiri." Aliweka nakala ya karatasi mezani. "Ndiyo maana nafikiri hii umeiandika wewe."

Qasim aliitazama, akamtazama Furaha, akainuka. Alirudi na faili nene, akalitupa juu ya nakala.

"Watu wa mlimani, mikopo arobaini na moja. Soma pale panapoandikwa uhusiano."

Furaha alifunua. Mjomba. Mjomba. Mjomba. Kaka wa mama. Mjomba.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimletea fomu baba wa mteja," alisema Qasim. "Kijiji kizima kilinicheka mpaka mbwa. Tangu siku hiyo kosa hilo silifanyi hata usingizini."

"Basi hii ilipitaje?"

"Ilipita tarehe ishirini na tisa." Alikaa, safari hii bila tabasamu. "Mwisho wa mwezi. Meneja anataka idadi itimie. Nikaona muhuri wa mtendaji wa kijiji, nikaona dole, nikamuuliza mzee kama mkuu wa ukoo ameweka alama yake, akasema ameweka, Paulo. Sikusoma. Andika hivyohivyo, afande, nifukuzwe kazi kwa mwandiko mzuri."

"Mzee alisaini mbele yako?"

"Mbele yangu. Nilimwekea kidole pale pa kusaini kama mtoto wa chekechea."

"Na alikuja na karatasi imeshajazwa?"

"Imejazwa, imegongwa muhuri, imekunjwa mara nne. Ila nikwambie kitu. Ningekuwa mimi ndiye mghushi, ningeandika mjomba. Mimi nalipwa mshahara kwa karatasi zinazoshika. Hii haishiki hata nzi."

Furaha aliuliza, "Tangazo la dhamana mlibandika?"

"Ofisi ya kijiji, tarehe tano Desemba. Linakaa siku thelathini, mwenye pingamizi aje aseme. Hakuja hata mbuzi."

"Paulo amekuja polisi tarehe nne Februari."

"Basi anasoma polepole, kwa katekista."

"Na mzee analipa?"

"Marejesho mawili, yote kabla ya tarehe. Wateja wangu wengine wakiniona sokoni wanaruka mitaro, hao hamuwakamati. Mnamkamata huyu." Qasim alichokonoa simu yake, akaigeuza. "Hii niliipiga Januari nilipokwenda kukagua."

Boti ilikuwa ya kijani, pana na fupi, haina madaha yoyote. Aliyemuuzia mzee, Mama Chandrika wa duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ameachiwa boti hiyo na mhandisi mmoja aliyeshindwa kulipa saruji. Juu ya bati kulikuwa na madumu sita yaliyokatwa nusu, yamejazwa udongo, na kwenye udongo kulikuwa kunachomoza majani ya tangawizi.

"Hiyo Jumatatu mnaiuza."

"Dhamana ikifa, mkataba unasema tuchukue kilichonunuliwa. Si mimi, ni kifungu cha kumi na moja." Aliizima simu. "Mimi mwenyewe kifungu hicho sikipendi, lakini hakijaniuliza."

*

Bartholomeo aliletwa saa nane mchana. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akalisalimia kwa heshima zote koti la Furaha lililotundikwa kwenye kiti.

"Hujambo, mwanangu."

"Niko huku dirishani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanga huu unanichanganya kidogo. Macho ya uzee."

Alikuwa mrefu, ana mabega ya mtu aliyebeba mataruma ya reli maisha yake yote. Alikitafuta kiti kwa goti kabla ya kukikalia.

"Mzee, kwa nini boti?"

"Wewe ungenunua nini?"

"Kiwanja."

"Kwa nani? Kiwanja cha mjini kinataka fedha ambayo sina. Cha mlimani kina ukoo." Aliweka kofia juu ya goti. "Nimekaa shamba la mke wangu miaka thelathini na minane. Nilioa nikahamia kwao, ndivyo tulivyofanya. Catherine amekufa. Arobaini ilipokwisha wakaniita, wakanikalisha, wakanipa chai. Ukiona Mluguru amekukalisha kwa chai na wote wananong'ona, ujue umekuwa mgeni. Watoto ni wao, shamba ni lao. Mimi ni wa kwa mama yangu, na kwa mama yangu wapwa wameshajaa mpaka kwenye makaburi."

"Kwa hiyo wakakufukuza."

"Hawakunifukuza. Waliniuliza nina mpango gani." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nikakumbuka Kisaki. Nimefanya kazi pale stesheni miaka kumi na moja. Nikasema, majini hakuna ukoo. Hakuna mtu atakayenikalisha kwa chai aniulize mpango wangu. Nayo ni mita saba kwa tatu tu. Ukikaa kitandani unagusa jiko, ukisimama unagusa mlango. Mtu hapotei."

"Umelala humo siku ngapi?"

"Mbili. Nilihamia Jumatatu."

Furaha aliandika: *Jumatatu tarehe tatu anahama. Jumanne tarehe nne Paulo yuko kaunta.* Akapiga mstari chini yake mara mbili.

"Dhamana ilikuwa wazo la nani?"

"La shemeji. Mimi nilikuwa naidai miti. Nimepanda midalasini mia sita kwa mikono hii, na kwetu aliyepanda mti ana haki yake hata kama udongo si wake. Ukimtoa, umlipe. Shemeji akasema, fedha ya kukulipa hatuna, ila tutakudhamini upate boti yako, wewe utuachie miti. Tukamalizana hivyo. Niliona ni shukrani. Nilimwambia Rosa, binti yangu, umeona, wamenikumbuka."

"Karatasi uliisoma?"

"Rosa alinisomea. Yeye ndiye aliyeniletea."

Furaha alifungua jalada. "Nami nikusomee. *Sisi wa ukoo wa marehemu Catherine tumeridhia shamba letu liwe dhamana ya mkopo wa boti ya Bartholomeo. Naye Bartholomeo anaiacha miti yote aliyopanda, hataidai tena. Kwa niaba ya ukoo, dole la mkuu wa ukoo, Deogratias, baba mdogo wa marehemu.*"

Feni ilipiga kelele zake. Mzee hakusogea. Kofia iliteleza kutoka gotini ikaanguka, naye hakuinama kuiokota.

"Rudia hapo mwisho."

"Deogratias. Baba mdogo."

"Siyo Paulo?"

"Hakuna Paulo humu, mzee. Rosa alikusomea jina gani?"

Bartholomeo alipapasa sakafu kwa mguu mpaka akaipata kofia. Alichukua muda mrefu kuivaa, na alipomaliza uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la Ijumaa mchana.

"Nimekosea, mwanangu. Rosa hakunisomea. Nilisoma mwenyewe. Naomba nirudi ndani."

*

Ijumaa asubuhi aliomba kuletwa tena. Safari hii hakusalimia koti.

"Nataka kukiri," alisema. "Karatasi niliiandika mimi. Rosa hajui kitu. Shemeji hajui kitu."

"Na dole?"

"Langu."

"La kwako ninalo hapa, mzee, halifanani."

"Basi la mlevi mmoja wa sokoni, nilimpa mia tano. Jina lake silijui."

"Na wewe, Mluguru wa kuzaliwa, ukaandika baba mdogo?"

"Uzee."

Furaha alimweleza haki zake, kwamba halazimiki kusema lolote. Mzee akasema anataka. Furaha akaandika maelezo ya onyo ukurasa mzima, kila neno kama lilivyotoka. Alipomaliza alifikiria koti, na kidole cha Qasim, na mtu asiyepotea kwenye mita saba kwa tatu. Akaigeuza karatasi kichwa chini, akamsogezea pamoja na kalamu.

"Isome, mzee. Kama ndivyo ulivyosema, weka sahihi."

Bartholomeo aliishika kwa mikono miwili. Aliikazia macho, akayasogeza kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, bila haraka. Mara mbili alitikisa kichwa kukubali.

"Ni sahihi kabisa," alisema. "Una mwandiko mzuri."

Akasaini chini ya ukurasa, ambako ndiko juu, katikati ya maneno JESHI LA POLISI.

Furaha aliitazama sahihi hiyo. "Tangu lini, mzee?"

"Nini?"

"Macho."

Bartholomeo aliiweka kalamu chini. "Naona mwanga. Naona mtu akipita. Herufi ziliniaga mwaka juzi." Akamwinamia mezani, sauti ikashuka. "Mwanangu, nakuomba. Ukiwatia hatiani wale wawili, kampuni itasema ridhaa ilikuwa ya kweli, italifuata shamba. Rosa ana watoto wanne. Yeye ana pa kupoteza. Mimi nilikuwa na pa kulala siku mbili."

"Na boti?"

"Wachukue. Waimwagie maji ile tangawizi tu."

*

Pikipiki ilimfikisha Furaha Mlundi saa tano na nusu, na mgongo wake ulijua kila jiwe la njia hiyo kwa jina. Aliingia kwanza ofisi ya kijiji. Mtendaji alikubali muhuri ni wake: Rosa ndiye aliyeileta karatasi, siku ya soko, watu wamejaa mlangoni. Aligonga kama alivyogonga vyote siku hiyo.

Rosa alikuwa nyuma ya nyumba, anakwangua magome ya mdalasini kwa kisu kifupi. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, amejifunga kitenge cha jumuiya. Alinyanyuka alipoona mgeni, akafuta mikono, akaweka maji ya chai bila kuuliza jina. Mjomba wake alitokea upande wa kanisani kabla maji hayajachemka. Habari za pikipiki ngeni hupanda mlima haraka kuliko pikipiki yenyewe.

"Shikamoo, Mzee Paulo."

"Marahaba, binti. Mmekwishampeleka mahakamani?"

"Jumatatu. Nimekuja kukamilisha maelezo yako tu, nisije nikaharibu." Furaha alitoa daftari. "Karatasi ile hujawahi kuiona?"

"Sijaiona. Nimesema na nitasema."

"Tangazo lilibandikwa Desemba. Ulingoja miezi miwili?"

"Mimi ni mtu wa kanisa. Sikutaka ugomvi na shemeji akiwa bado chini ya paa langu."

"Kwa hiyo ulingoja atoke."

"Nilingoja amani."

"Alitoka Jumatatu. Jumanne ukaja."

"Amani ilifika Jumanne," alisema Paulo, na akapokea kikombe.

Alikishika kwa vidole vinne. Dole gumba alilinyanyua, kwa sababu kikombe kilikuwa cha moto na ngozi yake pale haikuwa nzuri: kovu jeupe lililonyooka, limelipasua katikati. Wakwangua mdalasini wengi wanalo. Furaha alikunywa chai yake. Ilikuwa tamu mno.

"Basi tumalize," alisema. "Naandika: mlalamikaji anasema karatasi ni batili tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na yote yaliyomo hayana nguvu. Sawa?"

"Sawa." Paulo alinyanyua kikombe, kisha akakishusha. "Andika upande wa dhamana. Ule wa miti uache."

Kisu cha Rosa kilisimama.

Furaha aliweka kalamu chini. "Miti ipi, mzee?"

"Midalasini aliyoiacha."

"Aliiacha wapi?"

"Si kwenye..." Paulo alifunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Kwenye karatasi ambayo hujawahi kuiona," Furaha alimmalizia. "Unajua, mzee, nilimsumbua kijana wa watu mjini nikidhani aliyeandika baba mdogo ni mtu asiyejua mila zenu. Yeye ndiye aliyenifumbua macho. Mghushi anataka karatasi inayoshika. Hii iliandikwa ivunjike. Ivunjike lini? Siku mzee atakapokuwa ameshabeba kitanda chake. Na ni nani angeweza kuivunja kwa neno moja? Mtu anayejua fika kwamba baba mdogo hana kauli, na marehemu ndiyo kabisa."

"Maneno matupu hayo. Huna ushahidi."

"Nina pedi ya wino." Aliiweka kwenye kigoda katikati yao. "Dole gumba la kulia, mzee. Dakika moja tu."

"Mimi najua kusoma na kuandika. Siweki dole, naweka sahihi."

"Mwaka jana uliweka."

Paulo aliitazama pedi kama nyoka aliyejikunja. "Sifanyi kitu bila mwanasheria."

"Ni haki yako. Tutashuka pamoja, utamkuta mjini." Furaha alimgeukia Rosa, ambaye alikuwa ameangalia magome yake tu. "Dada Rosa, wewe ni katibu wa jumuiya?"

"Ndiyo."

"Naomba daftari la mahudhurio."

Rosa aliingia ndani, akatoka nalo. Furaha hakuhitaji kulisoma sana. Herufi g zilikuwa na mkia mrefu uliopinda kushoto, na namba saba zote zilikuwa na kijistari kiunoni, sawasawa na maneno na tarehe kwenye karatasi ya boti. Alilifunga, akalishika mkononi. Alikuwa na vyote alivyovifuata. Angeweza kusimama hapo akasoma mashtaka na kwenda zake.

Badala yake alifungua jalada, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ila kuna jambo. Asubuhi hii baba yako amekiri. Anasema aliandika yeye, peke yake. Anasema wewe hujui kitu."

Aliacha nafasi. Paulo alivuta pumzi, akaketi wima, rangi ikaanza kumrudia usoni. Alimtazama mpwa wake, akatikisa kichwa kidogo, mara moja.

Rosa aliokota kisu. Alikifuta kwenye kitenge, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Kama amekubali mwenyewe," alisema, "basi sheria ifuate."

"Umesema?"

"Nimesema sheria ifuate. Yeye ni mtu mzima."

Furaha alitoa maelezo ya onyo, akayaweka kwenye kigoda juu ya pedi ya wino. Rosa aliyaangalia kwa jicho la pembeni, halafu kwa macho yote mawili. Aliijua sahihi hiyo. Ilikuwa kwenye ripoti zake za shule, kwenye cheti chake cha ubatizo, kwenye kila barua iliyotoka Kisaki. Sasa ilikuwa imekaa juu ya ukurasa, kichwa chini, imekanyaga jina la jeshi la polisi.

"Nilimpa karatasi imegeuzwa," alisema Furaha. "Akaisoma yote. Akanisifu mwandiko."

"Rosa," alisema Paulo. "Nyamaza."

Kisu kilianguka.

"Hakuniambia macho hayajabakiza kitu kabisa," alisema Rosa. "Alisema ni ukungu tu. Nilimsomea Paulo pale palipoandikwa Deogratias, nikasema moyoni, akitaka atazame mwenyewe. Akitazama akiona, basi, Mungu hataki." Alimgeukia mjomba wake. "Ulisema kampuni itachukua boti tu. Ulisema ardhi itarudi safi na miti itabaki kwa watoto. Hukusema watamtia ndani."

"Mimi nimefanya kwa ajili ya nani? Hiyo miti ni ya nani kesho?"

"Karatasi ikivunjika inavunjika yote, Mzee Paulo," alisema Furaha. "Umetamka mwenyewe, neno sawa. Miti mia sita imerudi kwa aliyeipanda. Mtamlipa, na fedha hiyo inatosha mkopo wake na chenji. Boti naiandikisha leo kuwa kielelezo cha kesi, na kielelezo hakipigwi mnada." Aliokota kisu kwa leso, akakiweka juu ya magome. "Vaeni viatu. Njia ni mbaya."

Paulo aliingia kuchukua koti lake la kanisani. Alichukua muda mrefu, kama mtu anayechagua kati ya makoti kumi, na alikuwa na moja. Rosa hakuingia. Alizima moto wa chai kwa maji ya kikombe, akawaita watoto, akawaambia wale wali uliobaki. Walipofika kwenye mteremko, ambako midalasini inaanza, mistari kwa mistari, imenyooka kama reli, alisimama.

"Afande."

"Naam."

"Itabidi baba ajue kuwa ni mimi?"

Furaha aliliweka daftari la jumuiya chini ya kwapa lingine.

"Alijua kabla yangu," alisema.